Kitabu cha Kutisha Tulichokitafsiri Karatu

Kijana mmoja amenitumia ujumbe kuniuliza tulitumia programu gani kutafsiri Anga Isiyo na Mwenyewe. Nilikuwa napepeta maharage. Nikaacha, nikausoma tena, nikatafuta jibu lisilo na matusi nikalikosa. Basi nawajibu wote kwa pamoja, ninyi mnaoanza kazi ya vitabu na mnaodhani wakongwe tuna siri tumezikalia. Programu yetu ilikuwa mzee mmoja wa Mbulumbulu, huku Karatu, mwalimu mstaafu mwenye mtoto wa jicho macho yote mawili, mnywaji wa chai isiyo na sukari na mbishi wa kila neno. Ikigoma kufanya kazi, dawa yake ilikuwa kuaga na kurudi siku nyingine.

Mimi ni Marselina. Nina wajukuu lakini pale kazini waliniita Dada Marsela mpaka nilipostaafu. Nilikuwa mhariri na msomaji wa prufu, zile kurasa za kukagua makosa kabla ya kuchapa, katika kampuni ya vitabu Arusha, tangu enzi za taipureta hadi enzi hizi za kompyuta inayokuchorea mstari mwekundu chini ya jina la babu yako. Nimehariri vitabu vya ufugaji nyuki, vya katekesi, vya hesabu za darasa la nne, na kimoja cha mapishi ambacho mwandishi wake hakujua kupika. Vyote nimevisahau. Kinachoniuma mpaka leo ni hicho mnachoniulizia, na mkiniona nakunja uso mkikitaja, msidhani ni uzee.

Kwa ambao hawajakisoma: ni mkusanyiko wa hadithi za zamani za kutisha za waandishi wa Ulaya na Marekani, wale walioandika hofu ya aina yake. Si hofu ya jini wala ya mchawi. Mchawi ana shughuli na wewe, anakujua kwa jina, amekaa kitako kukupangia. Katika hadithi hizi kuna vitu vikubwa, vya kale kuliko milima, vimelala chini ya ardhi au vinapita kati ya nyota, na havikuchukii. Havijui hata kama upo. Mtu anaanza kwa kudadisi kitu kidogo, anafukua, anasoma, anapanda mlima, na mwisho anatambua kwamba dunia haikuwekwa kwa ajili yake na huko juu hakuna anayemwangalia. Hadithi inaishia hapo. Haji mganga, haji mtume, hapigwi mtu fimbo akatubu.

Kitabu cha Kiingereza chenyewe kilikuwa kinene kiasi cha kuzuia mlango usijifunge. Mtalii alikisahau kwenye hoteli moja ya ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro, miaka ambayo Mwalimu Akonaay, huyo mzee wangu wa Mbulumbulu, alikuwa bado kijana anafundisha darasa la sita. Kaka yake alikuwa mtandika vitanda pale, na kwa kuwa hakuna aliyerudi kukiulizia, akakileta nyumbani. Jalada lilikuwa limechanika na kurasa zinanuka dawa ya mbu. Mwalimu akakiweka juu ya kabati, akakisahau. Kisha Danieli akafa.

Danieli alikuwa mtoto wa kwanza wa Mwalimu na mkewe. Homa ilimshika msimu wa mvua, barabara ya Mbulumbulu ikiwa tope tupu, na gari la kumpeleka hospitali likakwama kwenye mteremko. Sitaongeza chumvi hapo. Kwetu sisi Wairaqw wakati ule meeta ilikuwa bado na nguvu zake: nyumba iliyofiwa na mtoto inatengwa kwa miezi. Huingii kwa jirani, naye haingii kwako. Hampeani mkono. Ng'ombe wako hawachungwi pamoja na wa wengine, maji unachota mahali pako, hata kijinga cha moto huazimi. Si chuki, ni woga kwamba msiba utahamia nyumba ya pili. Siku hizi makanisa yameifuta karibu yote na ninyi wa mjini hamjawahi kuisikia. Lakini Mwalimu na mkewe waliikaa yote, wakiwa wawili ndani ya nyumba ya vyumba viwili, na kitu pekee mle ndani alichokuwa hajakisoma kilikuwa kitabu kile.

Mwalimu alinieleza habari hizi mara moja tu. Kabla ya kutengwa watu walimwambia ya kumwambia: kazi ya Mungu haina makosa, Mungu huchuma ua zuri, amekwenda kuwa malaika. Alisema kila neno lilimfanya atamani kumpiga aliyelisema. Ndipo akaanza kusoma zile hadithi, kamusi mkononi, na akakuta watu wanaoita mbinguni na mbingu imenyamaza.

"Kitabu kile hakikunidanganya, Marsela," aliniambia. "Watu wote walikuwa na maelezo kwa nini mtoto wangu amekufa. Chenyewe hakikuwa nayo."

Akaanza kutafsiri miezi hiyo hiyo, na hakuacha mpaka alipostaafu. Alikuja ofisini kwetu Arusha na karatasi zimejaa kiroba cha unga, mwandiko wa mwalimu, umelala upande mmoja wote. Mkurugenzi wetu alitazama kiroba kama mtu aliyeletewa kuku bila kuagiza. Mimi nikaomba nikasome nyumbani. Nilisoma hadithi ya kwanza nikiwa nimekaa na ya pili nikiwa nimeinuka kufunga madirisha.

Mwalimu alikuwa na sharti moja. Alisema nikate nitakacho, nibadilishe maneno, nimsahihishe sarufi kama ninaiweza kuliko yeye, ila miisho ya hadithi isiguswe. Asiongezewe mtu wa kuokoa. Lisiongezwe neno la kufariji. Zaidi ya yote, ile aya ya mwisho kabisa ya kitabu, aliyoitafsiri mara nyingi kuliko zote, itoke kama ilivyo, na itoke yeye angali hai. Nikamwambia sawa, nikaona ni jambo dogo.

Sasa sikilizeni kazi ilivyofanyika, kwa sababu haya ndiyo mnayoyakosa mkiwa mmeinamia simu. Tafsiri ya kitabu cha kutisha haikaguliwi kwa macho. Inakaguliwa kwa masikio ya watu wenye shughuli zao. Kila nilipotoka Arusha kumfuata, Mwalimu na mimi tulikuwa tunakwenda barazani kwa Mzee Abeid, mwenye duka la rejareja karibu na soko la Karatu, ambaye babu yake alitoka Pangani na yeye mwenyewe hakuwahi kuacha kuwasimulia watu hilo. Pale kuna benchi la wateja. Mtu anasubiri kupimiwa sukari, mwingine amekuja kwa chumvi ya ng'ombe, mwingine anatafuna tu muwa. Mimi nasoma kwa sauti, Mwalimu anasikiliza wasikilizaji. Mtu akiendelea kutafuna, sentensi haijafika. Akiacha kutafuna na muwa uko mdomoni, tunaweka alama ya vema.

Siku ya kwanza tulivuna aibu. Tulichagua hadithi yenye kiumbe cha kutoka vilindini, na Mwalimu alikuwa amekipamba vizuri sana, minyiri kama ya pweza inayojikunja na kujikunjua gizani. Nikasoma kwa sauti ya kutetemeka. Wateja wakanitazama tu, kwa sababu mtu wa Karatu hajawahi kuona pweza isipokuwa kwenye daftari la mtoto la sayansi. Mzee Abeid ndiye aliyeelewa, na Mzee Abeid akacheka mpaka akakaa juu ya gunia.

"Mwalimu, huyo mbona sisi tunamla," akasema. "Tena kwa nazi."

Kwa wiki nzima kila tukipita pale anatuuliza kama zimwi letu limeshaiva. Mwalimu alinuna, lakini akaenda kufikiri. Akafuta pweza wote. Mahali pao akaandika utumbo wa kondoo aliyepasuliwa sasa hivi, unaosogea polepole wenyewe huku kondoo ameshakufa. Tuliposoma tena, mama mmoja aliyekuja kununua sabuni aliondoka bila chenji yake. Huyo hakuhitaji kuijua bahari.

Anga ilitusumbua zaidi. Hadithi nyingi zinataka msomaji aogope ukubwa wa mbingu: mtu anatazama nyota, anaona zilivyo nyingi na zilivyo mbali, anapata kiwewe. Tukamsomea mzee mmoja wa Kimasai wa Olbalbal aliyekuja na ng'ombe mnadani na kupitia pale dukani. Alisikiliza kwa adabu mpaka mwisho, akauliza huyo mtu ana ugonjwa gani. Nikamwambia hana ugonjwa, ameogopa nyota. Akageukia wenzake wakasemezana Kimaa, wakacheka, kisha akaniuliza kama huyo bwana hajawahi kulala nje. Na kwetu Wairaqw ni vile vile. Wazee wetu walimwita Mungu Looaa, wa juu, wa jua, mwema kama mama, na cha kuogopwa kilikaa chini kwenye chemchemi. Ukimwambia mtu wa huku kwamba mbingu ni kubwa, atakushukuru kwa habari njema.

Mwalimu alirudi nyumbani siku ile amekasirika na mimi nikafuata nyuma na karatasi. Tulipofika, mkewe, Mama Danieli, alituwekea birika na viazi vitamu, akatoka. Ndivyo alivyofanya miaka yote niliyokwenda pale. Sikuwahi kumsikia akitaja kitabu, wala Mwalimu hakuwahi kumsomea ukurasa mmoja. Nilidhani ni mambo ya wazee wetu, mwanamume na makaratasi yake, mwanamke na jiko lake. Mwalimu alikunywa chai, kisha akasema ukubwa hautishi mtu. Kinachotisha ni kuita ukasikia hujaitikiwa. Alisema wakati wa meeta alikuwa akisimama uani anaona moshi wa majirani, anasikia wakicheka, na alijua akipiga hodi hakuna atakayesema karibu. Hapo ndipo alipozielewa zile hadithi, na alikuwa amezitafsiri vibaya kwa sababu alifuata maneno ya mwandishi akasahau ya kwake.

Basi tukaanza upya. Pale penye mtu anayetazama nyota, Mwalimu akamfanya aite. Pale penye uwanda wa barafu usio na mwisho, ambao hakuna mtu wa benchi lile angeuona akilini, akaweka mwangwi unaokataa kurudi. Hakubadilisha kisa hata kimoja. Alihamisha tu hofu kutoka machoni kuipeleka masikioni. Na aya ya mwisho ya kitabu, ile ya sharti, ikawa hivi. Naijua kwa moyo kwa sababu nimeisoma prufu mpaka ndotoni:

"Akafika mahali ambapo hapakuwa na juu wala chini. Akapiga hodi. Akangoja kama mgeni anavyongoja, akapiga tena, na tena. Ndani mlikuwa na nafasi ya kuwatosha walimwengu wote. Hakuna aliyesema karibu."

Niliisoma barazani kwa Mzee Abeid, na yeye mwenyewe, mtani wetu mkuu, akaacha kupima mchele. Kisha akamwomba Mwalimu asimsomee tena hiyo akiwa peke yake dukani. Tulirudi Mbulumbulu kwa gari la Noah lililojaa vitunguu na Mwalimu aliimba njia nzima, jambo ambalo sijaliona kabla wala baada.

Mkisikia hapo mnadhani tulishinda. Hamumjui Mkurugenzi wetu. Hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo linalonikera, maana mtu mbaya unamnunia ukamaliza. Alikuwa mwoga wa kila mtu: wa wazazi, wa wakaguzi, wa wachungaji, wa mtu yeyote aliyeweza kupiga simu ofisini. Mchoraji alileta jalada lenye jicho moja kubwa kati ya mawingu, zuri la kukutoa jasho. Mafundi wa mtambo wakaliona, wakasema hicho ni kitabu cha kuzimu na hawaweki mkono. Mkurugenzi badala ya kuwaelimisha akawaunga mkono. Kitabu kikatoka na twiga. Twiga amesimama ndani ya kreta ya Ngorongoro, jua linazama nyuma yake, ili watalii nao wanunue. Katika hadithi zote zile hakuna twiga hata mmoja. Na kama mmewahi kushuka kreta mnajua kwamba hata huko chini hakuna twiga.

Twiga nilimsamehe. Lakini nilipopokea nakala ya kwanza, nimesimama pale mezani kwangu, nikafungua mwisho wa kitabu kama mama anavyohesabu vidole vya mtoto aliyezaliwa, nikaona chini ya aya ile kuna kisanduku cha rangi ya kijivu. Juu yake pameandikwa FUNZO. Nikafungua hadithi nyingine. FUNZO. Kila hadithi ina lake. Asiyesikia la mkuu. Tusiwe wadadisi kupita kiasi. Tutunze mazingira. Na la mwisho, chini ya "hakuna aliyesema karibu", yameandikwa maneno haya: "Hadithi hii inatufundisha kwamba binadamu asichunguze yaliyo juu ya uwezo wake. Kila apigaye hodi kwa imani atafunguliwa."

Niliingia ofisini kwa Mkurugenzi bila kubisha mlango. Akanikaribisha kiti, nikakataa. Akanieleza taratibu, kama mtu anayemweleza mgonjwa, kwamba kitabu kisicho na funzo hakinunuliwi na maktaba za shule, kwamba mzazi akisoma mtoto wake ameachwa gizani atakuja na bakora, kwamba yeye amesaidia. Aliyaandika mwenyewe jioni moja prufu zangu zilipokuwa zimeshapita, na hakuona haja ya kunisumbua. Nikamwambia kuna mzee aliyekaa na aya ile tangu mtoto wake azikwe. Akasikitika kweli. Akasema ndiyo maana aliona aweke neno la faraja.

Ninyi mtafanya kazi na watu hawa. Nawaambia mapema: mwenye kukuharibia kazi kwa nia njema hana dawa. Mwenye nia mbaya utampeleka kwenye kikao, huyu utampeleka wapi?

Nilikipeleka kitabu Mbulumbulu mwenyewe. Ngano ilikuwa imekauka, tayari kuvunwa, na Mwalimu alikuwa ameketi mlangoni, macho yameshafunga karibu kabisa. Akakipapasa kitabu, akakinusa, akauliza jalada lina nini. Nikamwambia twiga. Akacheka, akidhani namtania. Kisha akaniomba nimsomee aya ya mwisho, na nikamsomea, na kwa kuwa sikuwa tayari kumdanganya mtu yule kwa lolote, nikamsomea na Funzo.

Mama Danieli alikuja na birika, akaliweka, akaondoka.

"Kwa hiyo wamenifanya mchungaji," akasema. "Uzeeni. Bila hata mshahara."

Akacheka peke yake, kicheko kibaya, kisha akaniambia niyaondoe mafunzo yote. Hakuuliza kama inawezekana. Nilirudi Arusha nikamwandama Mkurugenzi mpaka akaanza kunikwepa kwenye korido, na hatimaye akaahidi kwamba katika toleo la pili mafunzo yataondolewa. Toleo la kwanza likagoma kwisha. Wanunuzi wa twiga walikuwa wengi kuliko wasomaji wa hadithi, lakini hata hao hawakutosha. Mimi nikastaafu, nikahamia Karatu mjini, nikawa napiga simu kila mwezi kuuliza wamebakiza vitabu vingapi stoo, kama mtu anayeuliza hali ya mgonjwa. Na kila nikienda kwa Mwalimu, baada ya shikamoo na kabla hajasema marahaba sawasawa, ananiuliza, wameondoa? Nasema bado. Anasema haya, tunywe chai.

Katikati ya kungoja huko ofisi ikapata ile mashine ya kutafsiri mnayoipenda. Siku niliyopita pale kuulizia, kijana mmoja akanionyesha hadithi yetu moja mashine ikiwa imeitafsiri kwa muda wa kunywa maji. Sitasema uongo, sarufi ilikuwa safi kuliko ya Mwalimu. Lakini kila mahali palipotakiwa mtu aogope imeandika "hofu kubwa". Mwanzo hofu kubwa, katikati hofu kubwa, mwisho hofu kubwa sana. Nilimuuliza kijana ameisomea nani. Akasema kwani lazima nimsomee mtu? Nikachukua mkoba wangu nikaenda kupanda basi.

Mwalimu alikufa kabla ya toleo la pili. Alikufa kwa presha, mchana, akiwa kitandani, na waliokuwapo wanasema hakusumbuka. Walikuja watu wengi, maana alifundisha nusu ya wilaya. Hapakuwa na meeta tena. Watu waliingia na kutoka, mikono ilipeanwa, masufuria yaliazimwa mpaka kwa majirani wa mbali. Mimi nilikaa na wanawake. Kaburi lilikuwa nyuma ya nyumba, kando ya lile dogo.

Mchungaji alikuwa kijana, mwanafunzi wake wa zamani, na alimpenda kwa dhati. Alihubiri vizuri. Kisha akainua kitabu chenye twiga. Akasema marehemu hakutuacha bila ujumbe, ametuachia katika kitabu alichokifanyia kazi maisha yake yote, na ukitaka kujua moyo wa mtu tazama anavyomalizia. Nilijua kinachokuja na nilibana kanga yangu mdomoni. Akafungua ukurasa wa mwisho. Ile aya akairuka, pengine ilimtisha, pengine aliona haifai makaburini. Akasoma Funzo. Binadamu asichunguze yaliyo juu ya uwezo wake. Kila apigaye hodi kwa imani atafunguliwa. Akalisoma mara mbili, na mara ya pili watu wakaitikia amina, na wajukuu wa Mwalimu waliokuwa wakilia wakatulia wakafuta macho.

Nimefanya kazi ya maneno maisha yangu yote na sijawahi kuyachukia kama siku ile. Walimzika na sentensi ya Mkurugenzi. Nilitaka kusimama niseme, lakini watoto wale walikuwa wameshatulia, na ningewarudisha kulia kwa ajili ya nini? Nikakaa. Nilikuwa bado nimejaa hasira nilipopewa udongo wa kutupia.

Baada ya mazishi wanawake walikuwa nje wanapakua. Mama Danieli alikuwa ndani, ameketi kwenye godoro chini, miguu ameinyoosha, na akatuma nikaitwe. Akawatoa waliokuwa naye. Akaniuliza kama yale aliyosoma mchungaji ni maneno ya mume wake. Nikasema hapana, Mama, si yake, na nikamweleza yote, ya Mkurugenzi na ya toleo la pili, nikiona angalau mtu mmoja pale atajua. Akasikiliza bila kunikatiza. Kisha akauliza ya mume wake ni yapi.

Nikamsomea kwa kichwa. Nilisoma kama nilivyosoma kwa Mzee Abeid, bila haraka, nikakiacha kimya mahali pake. Alipiga hodi, akangoja, akapiga tena na tena. Hakuna aliyesema karibu. Nilimaliza nikiwa nalia, na nilidhani nimempa haki yake mzee wangu, na kwamba mkewe naye sasa ataujua moyo wake ulivyokuwa miezi ile.

Mama Danieli alikuwa anatazama mlango wa chumba cha pili.

"Hakuna aliyesema karibu," akasema.

Nikasema ndiyo, Mama.

"Mwanangu, miezi ile mimi nilikuwa wapi? Si nilikuwa nyumba hii hii? Nilikuwa nasimama pale mlangoni namwita. Baba Danieli njoo ule. Baba Danieli njoo tukae, na mimi nimefiwa. Alikuwa anasoma."

Nje waliita kwamba chakula tayari, na akaniambia niende nikale, nimetoka mbali.

Juzi Mkurugenzi amepiga simu. Stoo imekwisha, toleo la pili linakwenda mtamboni, mafunzo yote yameondolewa na hata twiga hayupo tena. Anachotaka kwangu ni nipitie aya ya mwisho mara moja tu, nimthibitishie kwamba ndiyo maneno ya Mwalimu. Ninayo hapa mezani. Ni maneno yake, hayana kosa hata la mkato, na nimeyagombania mpaka nikachukiwa. Lakini tangu jana kila nikifika mwisho namwona mwanamke amesimama mlangoni na sahani ya ugali, anaita.